Mkono Usio na Haraka



Nianze na lalamiko la kazini. Wagonjwa wengi wanaoletwa na mgongo au shingo kwenye chumba cha fiziotherapia huwa wameshapita kwa mkandaji. Hilo halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni michubuko wanayokuja nayo. Ukimuuliza mtu ilikuwaje, anakujibu kwa fahari: "Yule mama ana mkono! Nililia." Na aliyekandwa asilie anahisi hela yake imekwenda bure. Imani hiyo, kwamba ukandaji sharti uume ndipo uponye, ndiyo niliyokuja kubishana nayo jioni hii. Mkono mwepesi, unaokwenda taratibu, unatuliza sehemu kubwa ya maumivu haya ya kila siku, na siku hizi tunaeleweshwa ni kwa nini. Mkono huohuo una mipaka, na mingine ukiivuka unazika mtu. Nitaifikia.

Tufanye jaribio kwanza. Nyoosha mkono mmoja mbele yako, ule upande wenye vinyweleo utazame juu. Weka kiganja cha mkono wa pili karibu na kiwiko, kisha ukiteremshe hadi kwenye kifundo, haraka, kama mtu anayejipangusa vumbi. Umehisi? Sasa rudia, lakini safari hii utoke kwenye kiwiko ufike kwenye kifundo kwa kuhesabu moja hadi nane. Usikandamize. Uzito wa kiganja chenyewe unatosha.

Naona mstari wa tatu hapa mabega yameshuka.

Mwendo huo wa pili ni kama sentimita 3 kwa sekunde, na sikuuchagua kwa kubahatisha. Kule Göteborg, Uswidi, watafiti akina Åke Vallbo na Håkan Olausson walikuwa wakichomeka sindano nyembamba mno kwenye neva ya mtu aliye macho, wakisikiliza uzi mmoja mmoja wa neva unavyopeleka habari. Tulizoea kuambiwa kwamba mguso husafiri kwenye nyuzi nene, zenye kasi ya makumi ya mita kwa sekunde, na kwamba nyuzi nyembamba, zinazojikokota kwa kama mita moja kwa sekunde, ni za maumivu, joto na mwasho. Wao wakakuta kwenye ngozi yenye vinyweleo nyuzi nyembamba za aina nyingine, ambazo maumivu haziyajali. Zinapenda kupapaswa. Brashi laini ikipita kwa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, zinaamka. Ikipita kwa kasi zaidi, zinafifia. Kitu kikiwa na joto la ngozi ya binadamu, zinaitika vizuri kuliko kikiwa cha baridi au cha moto.

Mwaka 2002 walichapisha habari za mwanamke ambaye ugonjwa ulimharibia nyuzi zile nene. Kuanzia puani kwenda chini alikuwa hajui kama ameguswa. Walipompitishia brashi taratibu mkononi, alisema kuna kitu anakihisi kwa mbali, na kwamba kitu hicho ni kizuri. Picha za ubongo wake zilionyesha kazi ikifanyika katika eneo linaloshughulika na hali ya mwili na hisia za moyo, wala si katika ramani ya ubongo inayotuambia tumeguswa wapi. Kwa maneno mengine, mwili wetu una njia ya neva iliyotengwa kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine usio na haraka. Mimi nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliiweka chini nikatoka nje kidogo.

Sasa maumivu. Mtoto akijigonga kichwa kwenye meza, mama hakimbilii dawa. Anaweka kiganja anasugua, na kilio kinapungua. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo ya jambo hilo mwaka 1965 katika jarida la Science. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango. Habari za maumivu zikifika pale hazipandi moja kwa moja kwenda kwenye ubongo. Zinakutana na habari za mguso zinazokuja kwa nyuzi nene, na mguso ukiwa mwingi, lango linabana. Ubongo nao unateremsha amri zake kutoka juu: mtu akiwa na hofu lango linalegea, akijiona salama linafungwa. Vipengele kadhaa vya mchoro wao wa awali vimerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimesimama. Ndiyo sababu maneno ya mkandaji, sauti yake, na hata kule kukusubiri uvue saa na kukaa sawa, vyote ni sehemu ya matibabu.

Kuna jambo hapa la jikoni kwetu. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa David Julius na Ardem Patapoutian. Huyu wa pili, mzaliwa wa Beirut, aligundua vipokezi vinavyohisi kubonyezwa. Julius alianza na pilipili. Alitaka kujua kwa nini kile kiini chake cha ukali kinamwambia mtu kwamba anaungua wakati haungui, na mwaka 1997 akakipata kipokezi chenyewe: ni kilekile kinachoamshwa na moto wa kweli. Baadaye kikapatikana kipokezi cha baridi, ambacho mentoli nayo hukiamsha. Kwa hiyo ile dawa ya kuchua iliyomo kwenye kila nyumba, ukijipaka ukasikia baridi kisha moto, haijapenya ikafika kwenye mfupa kama tunavyoambiana. Inazidanganya neva za ngozi, na neva zikishughulika na udanganyifu huo, maumivu ya ndani yanapata mshindani. Mimi siipingi. Ninachokataza ni kujichua nayo kisha kufunga bandeji ya kubana au kuweka chupa ya maji ya moto juu yake, maana kwa mtindo huo watu huungua kweli. Na msiwapake watoto wachanga.

Niwaonyeshe kazi nzuri inavyofanyika. Nimewahi kumtazama mkandaji mmoja wa Pangani, bibi mtu mzima, akimshughulikia fundi cherehani ambaye shingo yake haikugeuka upande wa kulia. Fundi alilazwa kifudifudi juu ya mkeka, kanga imemfunika mpaka kiunoni. Bibi akamimina mafuta ya nazi kiganjani, kama kijiko kimoja, akayasugua mikononi mpaka yakapata moto. Halafu hakukanda. Aliweka kiganja kimoja kati ya mabega akakiacha hapo, akawa anamsikiliza jinsi anavyopumua. Pumzi ilipoanza kurefuka ndipo mikono ilipoanza kutembea, kutoka kiunoni kwenda juu kwa viganja vizima, na kurudi kwa pembeni, mara kadhaa, bila kunyanyua. Mkono ukinyanyuliwa kila mara mwili unashtuka upya.

Alipofika kwenye ule msuli mnene wa kati ya shingo na bega, dole gumba lake likasimama.

"Hapa, mwanangu?"

"Hapo hapo, bibi."

Hapo ndipo mkandaji wa kawaida angechimba. Yeye alituliza dole pale, na uzito wake ukaongezeka kidogo kidogo jinsi fundi alivyokuwa akitoa pumzi, na akipumua ndani anapunguza. Nilikuwa nikitazama vidole vya miguu ya yule fundi. Havikujikunja. Baada ya muda bibi akasema, "Basi," akaendelea na upande wa pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi alipoketi aligeuza shingo kulia, akafika karibu na bega.

Misuli haiwezi kurefuka kwa muda mfupi kiasi kile. Ilikuwa inazuiwa, na kilichobadilika ni amri. Neva zilizokuwa zikilinda sehemu inayouma ziliridhika kwamba hakuna hatari, zikaachia. Ukichimba kwa nguvu unaziambia kinyume chake, nazo zinakaza zaidi, na ile nafuu unayoihisi baada ya kulia ni ya kuachwa tu.

Wepesi ninaousema si wa kutekenya. Tiffany Field na wenzake wa Miami walichapisha mwaka 1986 utafiti wa watoto njiti 40. Nusu yao walikandwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Waliokandwa waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku 6 mapema. Utafiti mdogo, lakini ulifungua macho. Baadaye ikaonekana kwamba mguso hafifu mno hauleti matokeo hayo. Ngozi lazima ibonyee kidogo chini ya vidole.

Na kwa kuwa tumegusia watoto njiti: ule mtindo wa kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, unaoitwa kangaruu, ulijaribiwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yakatoka mwaka 2021. Walioanza kubebwa mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, vifo vyao katika siku 28 vilikuwa asilimia 12, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Hapo mambo mengi yanafanya kazi kwa pamoja, joto na maziwa yakiwemo, kwa hiyo sitasema ni mguso pekee.

Sasa niseme ambayo mkono haufanyi, maana biashara hii ina maneno mengi. Hautoi sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo, na hazijaomba msaada. Haukamui ile asidi ya laktiki wanayoisema makocha wa mpira, kwani mwili wenyewe unaimaliza ndani ya muda wa saa moja hivi baada ya mchezo, kabla hata mchezaji hajapata zamu ya kulala kwenye kitanda cha daktari wa timu. Wala haurudishi pingili za mgongo mahali pake, kwa sababu kwa mtu wa kawaida mwenye maumivu ya kiuno hazikuhama. Kuhusu yale mafundo yanayosikika chini ya kidole, wataalamu wenyewe wanabishana ni nini hasa. Na wale wanaosoma vibao vya masaji ya Kiswidi kwenye hoteli za Nungwi na Diani: huko Uswidi wenyewe wanaiita masaji ya klasiki tu. Sifa alipewa Pehr Henrik Ling, mtu wa mazoezi ya viungo, aliyefungua chuo chake Stockholm mwaka 1813. Aliyezipanga zile namna za kukanda tunazofundishwa hadi leo ni daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger.

Sisi wa pwani hatukusubiri Mholanzi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikatoka mwaka 1886. Anasimulia jinsi watu wa daraja lake walivyokuwa wakilala: mjakazi mmoja anawakanda viungo polepole, mwingine anapepea, mpaka usingizi unawachukua. Ukiisoma kama mtu wa fiziotherapia unaona walijua kila kitu, mwendo wa taratibu, kurudiarudia, ukimya. Lakini mimi sisomi kwa jicho hilo peke yake. Hatuambiwi nani alimkanda yule mjakazi.

Swali hilo bado lipo. Wakandaji wanaokuja kwangu huja na madole gumba. Kiungo cha chini ya dole kimevimba, chupa ya maji hawawezi kuifungua. Miaka ishirini ya kuchimba migongo ya watu, tena kwa sababu wateja wanataka kulia! Ninachowafundisha ni kutumia kigasha badala ya dole, kusimama karibu na mteja, na kuegemea kwa uzito wa mwili badala ya kusukuma kwa misuli ya mikono. Mteja anapata mguso mpana zaidi, na mkandaji anaondoka na mikono yake.

Je, ushahidi unasemaje? Mwaka 2015 jopo la Cochrane, la watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 25 ya kukanda kwa ajili ya maumivu ya kiuno. Waliokandwa walipata nafuu kuliko wasiofanyiwa kitu, ila nafuu hiyo ilionekana kwa muda mfupi tu, na ubora wa majaribio mengi ulikuwa duni, hata jopo likasema imani yake katika matokeo hayo ni ndogo. Ugumu mmojawapo mnauona wenyewe: kidonge bandia kinatengenezeka, lakini mkono bandia utautengenezaje? Pamoja na hayo, chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliweka kukanda miongoni mwa mambo ya kujaribu kabla ya dawa kwa kiuno kilichoanza kuuma karibuni. Shirika la Afya Duniani nalo, Desemba 2023, lilikuweka katika orodha yake kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na elimu na mazoezi. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

Nafuu ya siku mbili tatu mimi siidharau. Mtu aliyekuwa haogopi kitu isipokuwa kuinama, akipata siku mbili za kuinama bila woga, ninazo siku mbili za kumfundisha. Anayekandwa kila Jumamosi akarudi kukaa kitini wiki nzima ananunua kitulizo, na ni haki yake. Ila asituambie hajapona kwa sababu mkandaji hana mkono.

Niliahidi mipaka. Nianze na mama mzazi, maana hapo ndipo ninapoona machozi ya kweli.

Kukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua mnakujua. Maji yanachemka, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni na kukandamizwa ili damu chafu itoke na tumbo lirudi. Mama anang'ata kanga. Damu ile, jamani, inatoka yenyewe kwa majuma kadhaa, na mfuko wa uzazi unarudi wenyewe kwa muda wa wiki sita hivi. Mtoto akinyonya, mwili wa mama unatoa homoni inayoubana mfuko huo, na ndiyo maana tumbo linauma anaponyonyesha. Kinacholetwa na kitambaa cha moto ni ngozi iliyobabuka, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji, kidonda kinachotunga usaha.

Mkunga wa hospitali naye anakanda tumbo, na hapo sijichanganyi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali karibu 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha akina mama zaidi ya laki mbili. Damu ilipimwa kwa mfuko maalumu uliowekwa chini ya mama, ili kutokwa damu nyingi kugundulike mapema, na hatua zote za matibabu zikatolewa kwa mpigo: kukanda mfuko wa uzazi juu ya tumbo, dawa za kuubana, dawa ya kuzuia damu, dripu, na uchunguzi. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Mkono ule una kazi moja, katika saa moja, na anayeutumia ameshika dawa kwa mkono wa pili.

Zile siku arobaini zenyewe msiziache. Kuogeshwa, kulishwa uji, kukatazwa kazi, kushikwa na watu wanaokupenda, hayo yote ni tiba. Badilisheni maji ya moto yawe vuguvugu, hamisheni mkono kutoka tumboni kwenda mabegani na mgongoni, kwa sababu huko ndiko kunakouma mama anayenyonyesha. Miguu pia, lakini shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma peke yake, msiliguse. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na bonge likisukumwa likafika mapafuni hamtakuwa na nafasi ya pili. Kipindi baada ya kujifungua ndicho ambacho hatari hiyo iko juu.

Na mwenye mimba asikandwe tumbo ili mtoto "akae sawa". Kondo la nyuma linaweza kubanduka.

Kwa wengine wote: maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku, pamoja na homa za jioni na kupungua uzito, yaende hospitali yakapimwe. Kifua kikuu kinakaa kwenye uti wa mgongo pia, na kwetu si kitu adimu. Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, ni hospitali leo, si kesho. Aliyeanguka akashindwa kukanyaga asiguswe mpaka apigwe picha.

Mkirudi nyumbani na mkataka kujaribu, mketisheni mgonjwa kwenye kiti kisicho na mikono, kichwa akilaze juu ya mito mezani. Mafuta ya nazi au ya kupikia, yoyote. Viganja vipande kutoka katikati ya mgongo hadi kwenye shingo kwa kuhesabu nane, kama tulivyofanya. Akizuia pumzi au akikunja vidole vya miguu, mmezidisha. Dakika kumi na tano zinatosha, kisha asimame atembee mpaka kwa jirani na kurudi, kabla nafuu haijaisha.

Naambiwa nimekula muda wa maswali. Kipaza sauti kiko kwa yule kijana mwenye kofia. Tuanze na waliosimama nyuma.